Halijaonja Chumvi

Rautio, Michigan
4 Mei 1997

Babu Urho,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kama si vizuri basi angalau unapumua, maana mtu asiyepumua hajibu barua na mimi sipendi kuandikia ukuta. Mama mdogo Elaine ametuambia tuache kukupigia simu kwa kuwa maneno yanakumaliza pumzi. Sawa. Mimi kuandika najua, waliosema sijui wanisome sasa.

Huku wazima. Mama mzima, ila mgongo. Mbwa mzima, ila kala soksi zako ulizosahau. Theluji ya mwisho iliyojificha nyuma ya sauna imeyeyuka juzi. Mimi mwenyewe ndiyo usiseme: ndevu zimeota, na kule kwenye kiwanda cha mbao wamenipa mashine ya kubandua magome, mimi, Rudy, niliyeacha shule darasa la kumi na moja. Mwalimu mkuu nimekutana naye dukani. Akaniuliza, “Rudy, unafanya nini siku hizi?” Nikamwambia, “Nabandua, mwalimu. Karibu nikubandue.” Hakucheka. Hakuwahi kucheka yule.

Haya, sasa lile jambo. Amri yako nimeipata: gari lako la Pontiac liuzwe kabla theluji haijarudi, na nyumba nayo iuzwe. Ya nyumba nimeyaelewa, mama hawezi kuilipia kuni na mafuta peke yake. Ya gari sijayaelewa, lakini nimetii, mjukuu gani kama mimi.

Nimengoja mvua tatu kama ulivyonifundisha. Moja ya kulainisha ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, ile inayokula magari, ya pili ya kuisukuma mtaroni, ya tatu ya kuosha. Butch Kangas alitoa gari lake baada ya mvua moja, nikampigia kelele mbele ya kanisa zima. Baada ya ya tatu nikafungua banda, nikalishusha kwenye magogo linapolala majira ya baridi, nikafunga betri, nikatia petroli kidogo kwenye kabureta. Mara ya tatu likawaka. Babu, silinda nane zote, kama mzee anayesafisha koo.

Nikalala chini yake na tochi na bisibisi. Nimegonga kutoka bampa hadi bampa. Upande wa abiria, pale juu ya chesisi ambapo magari yote ya wilaya hii yameoza mpaka unaona barabara, la kwako ni safi kama sahani. Ungeweza kulia chakula pale, ukipenda kula umelala chali.

Nilipoinua zulia la upande huo nikakuta gazeti. La Januari 1974! Limekauka kama mkate wa mwezi jana na lina madoa mawili meupe. Nikasema, ala, gari linalolala Oktoba mpaka Mei linasoma magazeti ya Januari? Nani alikuwa analisomea bandani, panya?

Tangazo nimeliandika mwenyewe, hakuna aliyenisaidia:

LINAUZWA: Pontiac Catalina ya 1967, milango miwili, njano ya siagi, paa jeupe. Mwenyewe ni yule yule tangu jipya. Maili 61,000. Si gari la maonyesho, ni la kuendesha: kiti cha dereva kimeshonwa, dashibodi ina ufa, saa ilikufa zamani. Injini haina deni na mtu. HALIJAONJA CHUMVI HATA SIKU MOJA. Dola 4,200. Muulize Rudy, usimuulize mama yake.

Niambie kama kuna la kurekebisha, ingawa sidhani.

Mjukuu wako mwenye ndevu,
Rudy


Mesa, Arizona
19 Mei 1997

Rudy,

Marahaba. Napumua. Wameniwekea mpira wa hewa puani, nimeuzoea kama ng'ombe na kamba. Elaine ananitunza. Joto la hapa halina adabu. Mwambie mama yako mgongo aukande kwenye mvuke wa sauna, asiupeleke kwa daktari.

Tangazo ni zuri. Yafuatayo yarekebishwe. Ongeza kwamba kipimo cha mafuta kinadanganya kwa robo. Mnunuzi aambiwe kabla hajauliza. Bei ni elfu tatu na mia tano, si zaidi. Maneno ya chumvi yaondoe.

Gazeti usilitupe. Lirudishe chini ya zulia, pale pale.

Babu yako,
U. Pelto


Rautio
8 Juni 1997

Babu,

Shikamoo na mpira wako wa puani. Mama anakusalimu, ameukanda mgongo, umepona nusu, nusu nyingine anasema ni mimi. Mbu wameanguliwa. Ukitaka kilo mbili nitakutumia kwenye bahasha, huko Arizona nasikia hawana kitu chochote.

Gazeti nimelirudisha. Kipimo cha mafuta nimekiandika. Maneno ya chumvi sijayaondoa.

Usikasirike kwanza, hifadhi pumzi. Babu, huo ndio utajiri wa gari lenyewe! Rangi imefifia, kiti kimeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, nani atalipa elfu nne kwa hayo? Wanalipa kwa sababu halijaonja chumvi. Rautio nzima inajua. Mzee wa kanisa anajua. Wakikutaja wewe wanasema, “Urho Pelto, yule ambaye gari lake halijaonja chumvi,” ndiyo jina lako la pili hilo. Halafu uniambie nifute? Kama ni unyenyekevu wa Kifini basi umepita kiasi, hata Wafini wenyewe wangekwambia.

Wateja wamekuja. Wa kwanza Butch.

“We Rudy. Mia nne. Nalichukua sasa hivi.”

“La nini, Butch?”

“La kugongea.”

Yaani lile pambano la maonyesho ya kaunti, wanapogonganisha magari uwanjani kwenye matope mpaka libaki moja. Pontiac la babu yangu! Nikamwambia, “Butch, ukitaka cha kugongea tumia kichwa chako, kina bodi nene zaidi.” Akaondoka, lakini kasema atangoja. Anajua nyumba ikiuzwa banda linakwenda nayo, na gari lisipopata mwenyewe litalala nje, na likilala nje msimu mmoja tu wa baridi, mia nne zake zitaonekana nyingi.

Wa pili mume na mke kutoka Marquette. Watu wazuri. Nikawaambia paa linavuja. Wakaondoka.

Najua halivuji. Sasa unajua na wewe kwamba najua.

Nisikilize, Babu. Tarehe nne Julai inakuja. Miaka ishirini na mbili umeongoza maandamano ya sikukuu ya uhuru kwenye lile gari, na kamati wameniuliza nani ataongoza mwaka huu. Nimewaambia nangoja jibu kutoka Arizona. Ndege zipo. Elaine anaweza kukuleta na chupa yako ya hewa, tutaifunga kiti cha nyuma kama mtoto. Halafu ya kuuza tuyazungumze ukiwa hapa.

Rudy


Mesa
27 Juni 1997

Rudy,

Tunaendelea. Mti wa malimau wa Elaine umezaa. Mwambie mama yako asante kwa picha ya bustani.

Sitakuja mwezi wa saba. Endesha wewe. Gia ya pili ipite polepole mbele ya watu, usiwafurahishe kwa kelele.

Watu wa Marquette watafute, waambie paa halivuji.

Maneno ya chumvi yaondoe, Rudy. Sitasema mara ya tatu.

Babu


Rautio
6 Julai 1997

Babu,

Shikamoo. Mama mzima, mbwa mzima, kidole changu cha mwisho kimekwaruzwa na mashine ila kipo.

Nimeongoza. Ungeniona! Dirisha chini, mkono nje, bendera mbili ndogo mbele, na nyuma yangu zima moto, na nyuma ya zima moto watoto wa baiskeli. Nilikwenda polepole mpaka gari la zima moto likakaribia kunikanyaga. Watu wanaita, “Urho yuko wapi?” Nikawajibu, “Anakuja, anakuja!” Nimewaambia watu kama mia. Sasa umebanwa, lazima uje, usinifanye muongo mbele ya mji.

Mama nilimwambia akae mbele na mimi. Akasema kiti kile ni cha bibi Helmi. Nikamwambia bibi amekufa mimi sijazaliwa, kiti kitangoja mpaka lini. Akakaa nyuma. Njia nzima alikuwa ameshika mgongo wa kile kiti cha mbele, kama mtu aliye kwenye mashua. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Eti siku bibi anapelekwa hospitali, yeye alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kanisani na Elaine, na waliporudi hawakukuta mtu, wamekuta unga mezani na unga umeumuka mpaka umemwagika. Akasema, “Kama pikapu ya baba ingewaka mapema siku ile.” Kisha akaanza kupungia watu.

Wa Marquette wameshanunua gari jingine. Tangazo bado lipo vile vile.

Rudy


Rautio
24 Agosti 1997

Babu,

Shikamoo, kama bado unaitikia. Wiki saba! Nilidhani umekasirika, nikaona hapana, ukikasirika huwa unaandika upesi. Jana Elaine kapiga simu kumbe umelazwa siku kumi na mbili na mmetuficha. Mama kaongea naye akiwa amesimama, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi nilitoka nikakae kwenye gari. Sikuliwasha. Nilikaa tu kiti cha dereva kama mjinga.

Sasa nakuuliza kama mwanamume kwa mwanamume: unarudi au hurudi? Ukisema hurudi, nitauza. Ukinyamaza, mimi nitaendelea kuwaambia wateja paa linavuja, na Butch atangoja, na tutaona nani atachoka.

Habari nyingine. Nyumba imeuzwa. Wawindaji wa Detroit, wanataka pa kulala msimu wa kulungu. Wameiangalia dakika kumi wakasema sawa. Tunatakiwa tutoke tarehe thelathini na moja Oktoba. Mimi na mama tumepata vyumba viwili mjini juu ya duka la viatu. Hakuna banda huko, Babu. Kuna nafasi moja ya kuegesha, barabarani, ambapo lori la chumvi linapita kila asubuhi.

Na kuna mteja. Huyu sikumfukuza, amenizidi. Bi. Dolores Zielinski wa Wisconsin. Ameendesha basi la shule miaka thelathini na moja, amestaafu, mumewe kafariki, anasema amechoka kuendesha kitu chenye watoto arobaini ndani, sasa anataka chenye mtu mmoja. Anakuja tarehe kumi na moja Oktoba. Akaniuliza kwenye simu, “Kijana, hayo ya chumvi ni kweli? Nimedanganywa mara tatu mwaka huu. Sitaki kuendesha maili mia mbili kuja kudanganywa ya nne.”

Nikamwambia ni kweli. Akasema, “Apa.”

Nikaapa kwa kaburi la bibi yangu Helmi.

Akasema basi anakuja. Elfu nne na mia mbili, hakupunguza hata senti. Hapo ndipo ungesema asante, Rudy.

Rudy


Mesa
18 Septemba 1997

Mjukuu wangu,

Nimerudi kutoka hospitali. Barua hii naiandika kidogo kidogo, nina siku ya nne juu yake, kwa hiyo mwandiko ukibadilika usijali. Elaine nimemwambia naandika habari za nyumba.

Umeuliza kama narudi. Sirudi. Daktari aliniambia mwezi wa tatu, kabla hujalishusha gari kwenye magogo. Vumbi la miaka yangu mgodini limejaa nusu ya kifua. Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa unaandika vizuri.

Sasa la pili. Umeapa kwa kaburi la bibi yako, kwa hiyo lazima niseme.

Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini Januari 1974. Watoto walikuwa kanisani. Helmi alikuwa anakanda unga wa mkate wa iliki, akasema mkono unauma, na taya. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, na yeye hakuwa mtu wa kukaa. Nikamwambia twende hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa kaunti, lingechukua saa nzima. Nikatoka kuwasha pikapu. Ilikuwa baridi ya kupasua mawe. Haikuwaka.

Pontiac lilikuwa bandani. Lilikuwa na betri, lilikuwa na mafuta. Mwaka ule nilikuwa sijalipandisha kwenye magogo, nilichelewa. Ningefungua tu milango ya banda.

Lori la chumvi lilikuwa limepita asubuhi ile. Barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi, si kwa theluji. Niliitazama ile barabara, Rudy. Nikarudi kwenye pikapu. Nikachemsha birika nikamwagia injini. Nikasugua plagi. Bibi yako akatoka, akasimama kwenye ngazi na koti lake la buluu. Akasema, “Urho, na lile la njano?” Nikamwambia, “Subiri kidogo, hili litawaka.”

Akasubiri. Hakusema mara ya pili. Wewe unajua watu wetu walivyo, yeye mwenyewe alikuwa analionea huruma lile gari. Tulikuwa tumeweka akiba miaka sita kulinunua.

Dakika ishirini na tano. Najua kwa sababu nilitoka jikoni nikiitazama saa, na ile ya kwenye dashibodi ya Pontiac ilikuwa bado inafanya kazi.

Ndipo nikafungua banda. Alipoingia alikuwa ameshika gazeti. Akalitandika chini ya viatu vyake asilichafue zulia. Alikuwa anakufa na ametandika gazeti. Yale madoa mawili uliyoyaona ni nyayo zake.

Alikata roho kwenye njia panda ya reli, hospitali inaonekana. Nilimuuliza daktari kama dakika zile zingesaidia. Akatazama karatasi zake.

Watoto niliwaambia pikapu iliwaka mwishoni. Mama yako anaamini hivyo mpaka leo. Watu walipokuja kupika kwa ajili ya mazishi, mimi nilikuwa bandani siku tatu, nabeba ndoo za maji ya moto kutoka sauna, nalala chini ya gari, naliosha. Siku ya mazishi mikono ilikuwa imepasuka yote. Wakadhani ni huzuni na baridi. Mtu mmoja akasema, “Angalau gari lako halijaonja chumvi, Urho,” ilimradi aseme neno. Nikaingiza mikono mfukoni. Kutoka hapo likawa jina langu, kama ulivyoandika.

Mwambie Bi. Zielinski ukweli. Siku moja, Januari 1974. Bei irudi elfu tatu na mia tano, na kama hataki, Butch achukue.

Mama yako nitamwambia mwenyewe.

Babu yako


Rautio
13 Oktoba 1997

Babu,

Shikamoo.

Mama mzima. Amefunga vyombo kwenye maboksi yote isipokuwa vikombe viwili. Mbwa anajua kuna kitu, analala mlangoni.

Barua yako niliisoma kiwandani, kwenye mapumziko. Nikaisoma tena. Msimamizi akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nilitaka kukuandikia siku ile ile nikaanza mara tano, nikachana. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunipungukia.

Bi. Zielinski amekuja. Mwanamke mfupi, mikono ya dereva, ana sumaku ya kukagulia bodi, kaivalisha soksi, na gunia la kulalia. Kabla hajashuka vizuri nikamwambia, “Bibi, yale ya chumvi ni uongo. Limeonja siku moja. Januari sabini na nne.”

Akanitazama. “Uliapa kwa kaburi.”

“Niliapa bila kujua. Nimeambiwa juzi na mwenyewe.”

“Lilikwenda wapi siku hiyo?”

“Hospitali.”

Akangoja niendelee. Nikamfungulia banda. Akasema, “Haya, lete tochi,” akatandika gunia akaingia chini. Nikaingia naye upande wa pili. Tumelala kule chini kama robo saa, yeye anagonga, mimi namulika.

Na Babu, tumekuta kutu. Upande wa abiria, juu ya chesisi, pale pale chini ya kiti cha bibi. Tundu la kupitisha dole gumba. Mwezi wa tano sikuliona kwa sababu sikuwa makini, unanijua. Bi. Zielinski akasema, “Umeona? Siku moja tu hiyo. Chumvi ya miaka ile ilikuwa kali, ilikuwa inakula gari ukitazama.” Ameendesha basi miaka thelathini na moja, anajua. Kwa hiyo hukuwa mjinga. Ulichokuwa unaogopa kilikuwepo kweli. Mtu yeyote wa huku angesita, hata mimi, hata Butch.

Kwa lile tundu nikampunguzia dola mia tatu kwenye zile elfu tatu na mia tano. Nimempa karatasi ya umiliki uliyosaini. Nimemwambia kipimo cha mafuta kinadanganya kwa robo. Akauliza habari ya kushona kwa kiti, nikamwambia ni uzi wa kuvulia samaki, akacheka, akasema basi hilo halikatiki. Sasa litalala kwenye gereji yenye joto, na Jumapili litakwenda kanisani na kurudi.

Alipoondoka mama alikuwa dirishani. Nikamngoja aseme kitu. Akasema, “Lilikuwa linameza mafuta sana.” Halafu akafunga vile vikombe viwili.

Sijamwambia. Si langu la kusema.

Gazeti nimelitoa kabla ya yule bibi hajafika. Limo humu katikati ya kadibodi mbili, na hundi imo. Nilitaka kulikunja ili liingie kwenye bahasha ndogo, nikashindwa kulikunja.

Leo asubuhi theluji imeanza kidogo. Banda liko wazi na ndani hamna kitu. Kuna magogo manne tu.

Niandikie hata mstari mmoja.

Rudy


Mesa
2 Novemba 1997

Rudy,

Marahaba. Bahasha imefika haijapinda. Elaine akauliza gazeti bovu la nini, nikamwambia ni la gari. Ameliweka kwenye droo ya juu, karibu na kitanda. Viatu vyake vilikuwa vidogo. Nilikuwa nimesahau.

Jumapili nilimpigia mama yako simu. Nilitaka kumwambia. Pumzi iliniishia kwenye “Marlene, siku ile,” na yeye akasema, “Usichoke, baba,” akaniambia habari za maboksi na duka la viatu, na mimi nikasikiliza. Ikawa basi. Sijui kama nitapata simu nyingine.

Hundi ya Bi. Zielinski nimeisoma. Imeandikwa elfu tatu na mia tano kamili. Kijana anayetaka kudanganya apunguze na kwenye hundi.

Nimeziweka barua zako mbili mezani, moja juu ya nyingine. Ya Mei inasema upande wa abiria ni safi kama sahani. Ya Oktoba inasema kuna tundu la dole gumba.

Nimeamua kuamini ya Oktoba. Nimejaribu tangu Jumatatu. Asubuhi naweza. Ikifika saa nne, saa ile ya birika, siwezi. Kesho nitajaribu tena.

Vaa soksi mbili kiwandani.

Babu yako,
Urho